Sakramu ya Tiger Woods "ilitoka" Agosti 2014? Tukichambue hiki kisa

Jumapili tarehe 3 Agosti 2014, uwanja wa Firestone pale Akron, Ohio, raundi ya mwisho ya shindano la gofu la Bridgestone Invitational. Tiger Woods yuko shimo la 2, mpira wake umekaa pabaya ukingoni mwa banka, lile shimo la mchanga, anaupiga akiwa amesimama kimshazari na ile nguvu ya kupiga inamtoa pale juu, anaruka chini kwenye mchanga, kimo cha kama mita moja hivi. Anatua kwa miguu, anaendelea na gemu. Ila mashimo yanayofuata unamuona kabisa anashika kiuno, uso umekunjamana, na akishapiga mpira wa kwanza wa shimo la 9 anasema basi, imetosha, kigari kinamtoa uwanjani. Video iliyozunguka sana siku ile haikuwa hata ya gofu, ilikuwa ya parking: mtu mwenye mataji makubwa 14 anahangaika kuvua viatu.

Siku tatu baadaye, Jumatano, jamaa yuko Louisville, Kentucky, uwanja wa Valhalla, anapasha kwa ajili ya PGA Championship, moja ya mashindano makubwa ya gofu. Waandishi wakashangaa, si juzi tu ulikuwa huwezi kuinama? Maelezo yake yalikuwa hivi: sakramu, ule mfupa wa mwisho wa mgongo, ilitoka mahali pake, aliporuka ikabana neva, ndo misuli ikakaza, fizio wake (mtaalamu wa tiba ya viungo) akairudisha, uvimbe ukashuka, mkazo ukaisha, na akasisitiza kwamba hii haihusiani na pale alipopasuliwa mgongo miezi minne nyuma. Na ikitoka tena? Fizio yupo, ataiweka sawa.

Nimekichukua hiki kisa kwa sababu kila kitu kilitokea hadharani, tarehe zipo, video zipo, na kilichofuata miaka mitano mbele kinajulikana. Wagonjwa wa kawaida hatuna bahati hiyo, mtu anakuja kliniki anakuambia "fizio, nyonga yangu imepinda" au "nimeambiwa kiuno kimeteguka, mguu wa kulia umekuwa mfupi" na ukimuuliza nani kakuambia ni kairoprakta (wale wataalamu wa kunyoosha mgongo kwa mikono), au fizio mwenzangu, au mzee mmoja anayechua mtaani, na ukiuliza alikuwa anafanya nini siku maumivu yalipoanza hakumbuki. Maneno yake lakini na ya Tiger ni yaleyale. Msimamo wangu nautaja mapema ili tusizungushane: nafuu aliyoipata Tiger naiamini kabisa, ila stori ya mfupa kutoka na kurudi siiamini hata kidogo, na nadhani hiyo stori ndo iliyomponza.

Kwanza historia, maana watu wengi huwa wanairuka. Tarehe 31 Machi mwaka huohuo alifanyiwa upasuaji mdogo wa diski, kile kipande kinachobana neva kinaondolewa, akalikosa shindano kubwa la Masters kwa mara ya kwanza tangu awe profeshno. Akarudi mwisho wa Juni pale Congressional, hakufuzu kucheza wikiendi. Julai akaenda British Open kule Hoylake akamaliza wa 69. Kwahiyo Firestone ni shindano la tatu tu tangu apasuliwe, miezi minne tu na siku chache zimepita na huyu mtu anazungusha fimbo kwa spidi inayozidi kilomita 180 kwa saa. Mgongo wa namna hiyo ukiruka mita moja ukatua umejikunja, halafu mtu akakuambia tatizo ni mfupa wa nyonga tu na pale pa upasuaji hapahusiki kabisa, wewe utamkubalia harakaharaka hivyo?

Sasa sakramu yenyewe. Ni ule mfupa mpana wa pembetatu mwisho wa mgongo, juu kidogo ya kifandugu. Unatokana na pingili 5 ambazo zinaungana taratibu mpaka mtu anapoingia utu uzima zimekuwa kitu kimoja. Juu yake imekaa pingili ya tano ya kiuno, kati yao kuna diski (hii diski muikumbuke, tutairudia), na kushoto na kulia imebanwa na mifupa ya nyonga. Hayo maungio mawili ya pembeni sio kama goti au bega, nyuso zake zina vilima na mabonde yanayoingiliana, na nyuma yamefungwa na ligamenti ambazo ni kati ya ngumu kuliko zote mwilini, halafu ukisimama uzito wa kiwiliwili unaishindilia sakramu katikati ya nyonga kama kabari kwenye gogo. Kwa hiyo ukitaka itoke kweli, yani itoke kwa maana ya kutoka, unahitaji ajali ya gari au kuanguka ghorofani, na huyo mtu hapelekwi kwa fizio, anapelekwa theatre kwa sababu nyonga ikivunjika namna hiyo anaweza kuvuja damu ndani mpaka afe. Haonekani Jumatano anapiga mipira.

Inasogea lakini, hilo hatulikatai. Mwaka 1989 watafiti wa Sweden wakiongozwa na Sturesson waliweka vidunge vidogo vya madini ya tantali ndani ya mifupa ya wagonjwa halafu wakapiga eksirei za pande mbili kwa mpigo mmoja ili wapime kusogea kwa usahihi mkubwa. Walichopata: kuzunguka kama nyuzi 2.5 kwa wastani, na kuteleza wastani wa milimita 0.7. Hata milimita moja haijafika. Sasa wewe juu ya hiyo mifupa weka ligamenti, misuli, mafuta, ngozi, halafu niambie kidole gumba kinaipimaje.

Na hapa kuna utafiti ambao mimi huwa natamani kila mtu anayegusa migongo ya watu aujue. Tullberg na wenzake, 1998, Sweden tena, teknolojia ileile ya vidunge. Wakachukua wagonjwa 10 ambao vipimo vya mikono vilionyesha nyonga haijakaa sawa upande mmoja. Wakawanyoosha, kule kusukumwa kwa haraka ambako kairoprakta na baadhi ya mafizio wanafanya. Baada ya hapo vipimo vya mikono vikawa safi, nyonga "imerudi". Eksirei sasa: mfupa haujabadilika mkao kwa mgonjwa hata mmoja kati ya wale 10. Mikono ilisema umerudi, picha ikasema haukuwahi kwenda popote.

Watu wakisikia hivi wanadhani nimesema Tiger aliigiza au fizio wake ni tapeli. Hapana jamani. Mtu alikuwa hawezi kuvua viatu Jumapili, Jumatano anapiga mipira, kuna kitu kilifanya kazi. Msukumo wa haraka kwenye maungio unavuta misuli na ligamenti kwa ghafla, taarifa nyingi zinaenda kwenye uti wa mgongo kwa mpigo, misuli iliyokuwa imejilinda inalegea kwa muda, na maumivu yanashuka. Ongezea kwamba mkazo wa misuli wa ghafla huwa unapungua wenyewe ndani ya siku chache hata usipofanya chochote, ongezea barafu na dawa za kushusha uvimbe kama alitumia, ongezea mtu anayemuamini anamwambia kwa uhakika "tayari, imerudi". Hiyo ya mwisho msiidharau, mtu aliyeacha kuogopa anajikunja vizuri kuliko mtu anayeogopa.

Ule mlio wa "kwaa" nao unachangia sana kwenye stori, mgonjwa akisikia anajua ndo mfupa umeingia. Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, mwaka 2015 timu ya Kawchuk ilivuta vidole vya mtu ndani ya mashine ya MRI hadi vilie, na kilichoonekana ni uwazi wa gesi unaotokea ndani ya maji ya kwenye kiungo pale nyuso mbili zinapoachana ghafla. Hakuna mfupa ulioingia wala kutoka. Vidole hivyo, lakini kiungo kinacholia mgongoni hakina uchawi tofauti.

Na kuhusu mguu mfupi, maana hili ndo swali naulizwa kuliko yote. Unalala kifudifudi, mtaalamu anashika visigino, anakuambia ona, kulia kumepanda. Anakunyoosha, anashika tena, vimelingana, na umeona kwa macho yako, utabishia nini? Kilichotokea mara nyingi ni hivi, kuna msuli unaotoka mbavu ya chini unakuja kushika juu ya nyonga, ukikaza kwa sababu ya maumivu unaivuta nyonga upande ule kuelekea juu ukiwa umelala, mguu unaonekana umepanda, ukiulegeza unashuka. Mfupa una urefu uleule wa asubuhi. Na watu karibu wote wana tofauti kidogo ya miguu, wastani ni kama milimita 5, wala hawajui. Mpaka ifike karibu sentimita 2 ndo naanza kuichukulia siriasi kama chanzo cha maumivu.

Halafu hata ukiacha kusogea, umbo lenyewe la mifupa linadanganya. Preece na wenzake mwaka 2008 walipima fupanyonga 30 za maiti, zimefungwa zote katika mkao mmoja uleule, wakaangalia zile nundu mbili za mbele na nyuma ambazo sisi huwa tunazishika kupima kama nyonga imeinama. Pembe kati ya nundu ilianzia nyuzi 0 hadi 23 kati ya mtu na mtu, na ndani ya mtu mmoja kulia na kushoto zilitofautiana mpaka nyuzi 11. Mtu kaumbwa hivyo. Wewe unamwambia nyonga imezunguka, anarudi nyumbani anajiangalia kwenye kioo anaanza kutembea kama amebeba mayai. Na ile "nyonga imeinamia mbele" inayouzwa sana Instagram, Herrington mwaka 2011 alipima watu 120 wasio na maumivu yoyote, wanaume asilimia 85 na wanawake asilimia 75 nyonga zao zilikuwa zimeinamia mbele. Hiyo ndo kawaida sasa.

Usain Bolt mnamjua. Ana uti wa mgongo uliopinda tangu utotoni na mguu wa kulia ni mfupi kwa kama sentimita 1.3, na watafiti wa chuo cha SMU kule Dallas walipochambua mbio zake wakakuta miguu yake haipigi chini sawasawa, mmoja unapiga kwa nguvu zaidi na mwingine unakaa chini muda mrefu zaidi. Kwa mtu huyohuyo tuna sekunde 9.58 za Berlin 2009. Ni kweli mgongo ulimsumbua miaka ya mwanzo, na alichofanya ni kuimarisha misuli ya tumbo na mgongo miaka nenda rudi, mkao wa mifupa ukabaki vilevile.

Sasa hii stori ya mfupa kuhama kidogo na kubana neva imetoka wapi? Imetoka jimbo la Iowa, mji wa Davenport, Septemba 1895, kwa bwana mmoja anaitwa D. D. Palmer. Mgonjwa wake wa kwanza, Harvey Lillard, alikuwa mfanya usafi wa jengo lile, na wala hakuwa na shida ya mgongo, alikuwa hasikii vizuri! Palmer akasema ameona pingili imekaa vibaya mgongoni, akaisukuma, kusikia kukarudi. Neva ya kusikia inatoka kwenye ubongo moja kwa moja kwenda sikioni, haipiti mgongoni kabisa, lakini kairopraktiki ikazaliwa siku ile na wazo la pingili iliyohama likaenda nayo. Ukilinganisha na alichosema Tiger miaka 119 baadaye, kimehama, kimebana neva, kimerudishwa, ni wimbo uleule, na aliyemtibu ni fizio wala sio kairoprakta. Kwahiyo wenzangu tusiwacheke sana kairoprakta, sisi nasi tumefundishana haya mambo vyuoni. Na makairoprakta wengi wa siku hizi wameliacha hilo wazo, wanafanya mazoezi na wagonjwa, wanatoa elimu, wananyoosha inapofaa, ukimpata wa hivyo kaa naye.

Kunyoosha kwenyewe kumepimwa sana. Mwaka 2019 Rubinstein na timu yake walikusanya majaribio 47 yenye watu 9,211 wenye maumivu sugu ya mgongo wa chini, wakachapisha kwenye jarida la BMJ, na jibu ni kwamba kunyoosha kunasaidia sawasawa na tiba nyingine zinazopendekezwa kama mazoezi. Kunasaidia, lakini hakushindi. Shirika la Afya Duniani (WHO) nao Desemba 2023 walitoa mwongozo wa maumivu sugu ya mgongo wa chini, kunyoosha wamekuweka kwenye orodha ya vinavyoweza kutumika pamoja na elimu, mazoezi na kuchua, wakakataa mikanda ya kiuno, mashine za kuvuta mgongo na dawa za jamii ya morfini. Hakuna mahali panaposema kazi ya kunyoosha ni kurudisha nyonga.

Turudi Valhalla. Alhamisi alimaliza kwa mipigo 74, Ijumaa 74 tena, mgongo ukiwa umegoma tena, hakufuzu wikiendi. Tarehe 13 Agosti akajitoa kwenye Ryder Cup, lile shindano la timu za Marekani na Ulaya, akisema madaktari na mkufunzi wake wamemwambia misuli inahitaji kurekebishwa na kupona, ambayo ndo kauli iliyotakiwa kutoka wiki nzima nyuma. Februari 2015 pale Torrey Pines akaacha baada ya mashimo 11, safari hii stori ikabadilika, ukungu ulichelewesha mechi akapoa, misuli ya makalio "ikajizima". (Makalio yakijizima kweli huwezi hata kupanda ngazi, lakini tuendelee.) Septemba 2015 upasuaji wa pili wa diski, Oktoba mwingine juu yake. Februari 2017 Dubai alipiga 77 siku ya kwanza, kesho yake akajitoa, misuli ya mgongo imekaza. Aprili 2017 wakaingia kupitia tumboni, wakaitoa ile diski iliyoko kati ya pingili ya tano ya kiuno na sakramu, wakaziunganisha. Septemba 2018 akashinda shindano pale East Lake, Aprili 2019 akashinda Masters, taji kubwa la 15, akiwa na miaka 43. Desemba 2020 akapasuliwa diski tena, kwahiyo msidhani kuunganishwa kulimaliza kila kitu.

Hiyo diski ndo jirani wa karibu kabisa wa sakramu. Maumivu yake na maumivu ya maungio ya sakramu yanasikika karibu sehemu moja, chini ya kiuno upande mmoja, yanaingia kwenye kalio, pengine yanashuka pajani, na mgonjwa akikuonyesha kwa kidole huwezi kuapa ni lipi. Mimi sitasema tarehe 3 Agosti ilikuwa diski, yeye mwenyewe alisema maumivu yalikuwa tofauti na ya zamani na mgonjwa anasikilizwa. Inawezekana kabisa kiungo cha sakramu kilishtuka kikavimba, kiungo kinaweza kuuma sana bila kutoka mahali pake, kama kifundo cha mguu unapokikanyagia vibaya. Ila "kimeshtuka" na "kimetoka" vinampeleka mgonjwa njia mbili tofauti. Kilichoshtuka kinahitaji muda, unapunguza mzigo halafu unaupandisha kidogokidogo. Kilichotoka kikarudishwa, basi kazi imeisha, twende uwanjani. Na kama kinaweza kutoka tena basi inabidi uwe na mtu wa kukirudisha pembeni yako milele, Tiger alikuwa na hela za kumtembeza fizio kila shindano, wewe unalipia kila wiki mara mbili kutoka mfukoni.

Kuna watu nyonga zao kweli ndo tatizo, nisieleweke vibaya. Wajawazito, karibu mmoja kati ya watano anapata maumivu ya nyonga, homoni na uzito vinachangia, wanasaidiwa na mazoezi na mkanda maalumu wa nyonga kwa muda. Kijana wa miaka 25 anayeamka usiku kwa maumivu, asubuhi amekakamaa zaidi ya nusu saa halafu akitembea anapata nafuu, huyo maungio ya sakramu yanaweza kuwa yanaliwa na ugonjwa wa kinga ya mwili, akapimwe na usimnyooshe. Na kwetu huku mtu mwenye homa za jioni, jasho la usiku, kupungua uzito na mgongo unaouma tu bila sababu, fikiria TB ya mgongo kabla hujagusa kitu. Ganzi kwenye kinena au mkojo kugoma, hospitali saa hiyohiyo.

Angekuwa mgonjwa wangu ile Jumatatu, ningeanza na neva: nguvu za vidole vya mguu, hisia, kuinua mguu ulionyooka, maana ana kovu la miezi minne. Halafu vile vipimo vitano vya kuusumbua ule muungano wa sakramu, kusukuma paja, kubana nyonga kutoka pembeni, kuifungua kutoka mbele, kukandamiza sakramu yenyewe, na kile cha mguu mmoja kuning'inia ukingoni mwa kitanda. Vitatu vikirudisha maumivu yaleyale aliyoyaleta, nakishuku hicho kiungo. Nisingeona ubaya kumnyoosha kama anapenda na neva ziko salama, na ningemwambia wazi hii inakulegeza kwa siku moja mbili, haijarudisha chochote. Jumanne kutembea, Jumatano kutembea na kuchuchumaa taratibu, wiki inayofuata fimbo fupi tu. PGA angeiangalia kwenye TV.